Bafu linapaswa kuogewa kabla ya vigae

Mtu akiniita kuhusu bafu linalovuja, mara nyingi anakuwa ameshaamua ugonjwa na dawa. "Fundi, njoo urudishie grauti, imekwisha." Dari ya chumba cha chini ina doa la kahawia linalotanuka kila wiki, mwenye nyumba ameshalipaka rangi, nalo limejitokeza tena. Grauti, yaani kijazio cha mianya kati ya vigae, ikirudishwa doa hutulia kidogo, watu wanashukuru, halafu linarudi pale pale. Nimefanya kazi za vigae kwa miaka mingi na hadi leo nakutana na watu, wakiwemo mafundi wenzangu, wanaoamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji.

Kigae chenyewe, hasa cha porseleni, hakina neno. Kasoro iko kwenye mianya. Grauti ya kawaida ni simenti na mchanga laini. Ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji yakituama juu yake hufyonzwa polepole kwenda chini. Ipo grauti ya epoksi ambayo haifyonzi maji, na ni nzuri kweli, ila nayo haiwezi kuzuia ufa mwembamba unaojitokeza pale sakafu na ukuta vinapocheza, kila kimoja kwa upande wake. Kwa hiyo mimi huanza hesabu zangu nikijua kwamba maji yatapita chini ya vigae. La kujiuliza ni yatakuta nini huko.

Kuna bafu moja la ghorofani lililonifanya nibadilishe namna ninavyoipanga kazi hii. Kwa macho lilikuwa bafu safi: mistari imenyooka, grauti nzima, maji yanakimbilia kwenye trapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, bila kusita. Chini yake dari ilikuwa inadondosha. Nilipogonga sakafu kwa mpini wa nyundo, kigae kimoja kiliitika vizuri, cha pili kikatoa mlio mtupu, cha tatu vile vile. Nikang'oa kimoja kwa tindo. Kilikuwa kimewekwa juu ya mabonge matano ya gundi, moja kila pembe na moja katikati, na kati ya mabonge yale maji yalikuwa yametulia tu, yana harufu. Skridi iliyokuwa chini, yaani tabaka la simenti na mchanga juu ya zege, ililowa kiasi kwamba ncha ya mwiko iliingia bila nguvu. Kando ya ukuta chumvi nyeupe ilikuwa imepanda na kuota kama ukungu.

Kilichonishangaza zaidi ni pimamaji. Nilipoiweka juu ya skridi, ilikuwa tambarare kabisa. Ule mteremko wote uliokuwa unaonekana juu ulitengenezwa kwa gundi: mabonge manene mbali na trapu, membamba karibu nayo. Kwa hiyo maji ya juu yalikuwa na njia, lakini yaliyopenya kwenye grauti yalifika mahali pasipo na mwelekeo wowote, yakakaa, yakatafuta ufa. Fundi aliyetangulia alikuwa na mkono mzuri wa vigae, hilo sitamnyima. Ila bafu alilijenga sentimita moja juu ya mahali linapotakiwa kuwa.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja. Kabla sijafungua boksi la vigae najiuliza: mtu akiingia humu leo, sakafu ikiwa hivi hivi, aoge, aondoke, je maji yote yatakwenda kwenye trapu na chini kubaki kukavu? Kama jibu ni hapana, vigae vinasubiri.

Kazi inaanzia kwenye trapu na mlango, maana hivyo ndivyo vimo viwili usivyoweza kuvibadilisha baadaye bila kubomoa. Hesabu yenyewe ni ndogo lakini wengi huifanya wakiwa wameshachelewa. Mteremko wa bafu huwa kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita. Mimi napenda 1.5, kwa sababu chini ya hapo kosa dogo la mwiko linazaa dimbwi, na juu yake mguu unaanza kuhisi unateleza kwenda pembeni. Kona ya mbali ikiwa mita 2 kutoka kwenye trapu, unahitaji sentimita 3 za kushuka. Skridi iliyoshikamana na zege isipungue sentimita 2.5 pale ilipo nyembamba kuliko kote, ambapo ni kandokando ya trapu. Kwenye kona ya mbali basi itafika 5.5. Ongeza gundi na kigae, kama sentimita 1.5, na sakafu yako imeshapanda sentimita 7 juu ya zege.

Sasa nenda mlangoni. Kama zege la bafu na la ukumbi lilimwagwa usawa mmoja, ndipo unapogundua kwamba bafu litakuwa juu kuliko ukumbi. Yaani maji yakizidi, yanakwenda kuwasalimu wageni. Nyumba ambayo bado inajengwa ina dawa rahisi: zege la bafu lishushwe tangu mwanzo. Nyumba iliyokwisha jengwa inakulazimisha kuchagua: kuweka kizingiti, kusogeza trapu karibu na kona ya mbali, au kutumia trapu ndefu ya mfereji ukutani ili mteremko uwe wa upande mmoja. Kitu ambacho sikikubali ni kuchonga zege la ghorofa ili kupata nafasi. Humo kuna nondo, na mwenye ruhusa ya kuzigusa ni mhandisi, siyo fundi vigae mwenye haraka.

Trapu yenyewe ndiyo sehemu ninayoitilia shaka kuliko zote. Bomba la plastiki ni laini, na kizuia maji, ile dawa inayopakwa juu ya skridi ili maji yasipenye, hakishiki vizuri kwenye kitu kinachong'aa. Nachagua trapu yenye ukingo mpana, nausugua ule ukingo kwa msasa hadi upoteze mng'ao, naufuta mafuta na vumbi. Ukingo ukae usawa wa skridi au chini yake kidogo, milimita 2 hivi. Ukikaa juu, hata kwa unene wa kucha, maji yaliyopita chini ya vigae yatazunguka trapu milele bila kuingia. Na trapu isijengewe kwa mchanga mkavu na vipande vya tofali: izungushiwe zege, isicheze ukiikanyaga. Kabla ya kufunika chochote, mabomba ya maji safi yanapimwa kwa presha na ya majitaka yanajazwa maji na kuachwa. Bomba linalovuja chini ya sakafu nzuri litamfanya fundi wa sakafu aitwe mwizi.

Kupima usawa natumia mpira wa maji, ule mrija ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Vijana wana leza siku hizi, na leza ni kitu kizuri, lakini mpira haudanganyi wala hauishiwi chaji. Nazungusha mstari mmoja wa penseli kwenye kuta zote nne, kisha nashusha vipimo kutoka kwenye mstari huo. Jambo moja: ukingo wa sakafu kando ya kuta uwe usawa mmoja kadiri inavyowezekana, ili kigae cha ukutani cha chini kisikatwe kama kabari.

Kusafisha zege nitakugusia kwa ufupi kwa sababu halina siri: chokoa, fagia, ondoa ule utando dhaifu wa simenti uliopanda juu, gonga uone palipo patupu, palipo na ufa fungua uzibe. Zege liwe kavu, halafu liloweshwe kidogo, halafu rojo ya kushikiza. Hiyo rojo ni simenti iliyochanganywa na maziwa ya mpira, zile lateksi zinazouzwa kwa kazi hii, inapigwa kwa brashi ngumu na skridi inamwagwa juu yake ikiwa bado mbichi. Wapo wanaotumia gundi nyeupe ya mbao kwa sababu iko karibu. Gundi ile ikipata unyevu inalainika tena, na sisi tunazungumzia bafu.

Skridi ni simenti moja kwa mchanga 3 au 4, mchanga mnene uliooshwa, na maji machache. Unafinyanga tonge mkononi: likishikamana na kiganja kikabaki bila maji, hapo ni penyewe. Wanaopenda mchanganyiko wa majimaji kwa sababu unajisambaza wenyewe huwa wananunua nyufa, maana maji yale yote yataondoka na nafasi yake itabaki. Mlangoni skridi ya bafu na ya ukumbi zisiungane. Nimeona sakafu ya mbao ya chumba cha kulala ikivimba mita moja kutoka bafuni, na bafuni hakuna hata tone lililovuka juu ya kizingiti. Unyevu ulikuwa umetambaa ndani ya skridi, chini ya mlango, kwa amani kabisa.

Baada ya hapo unakuja wakati ambao wenye nyumba hawaupendi. Skridi inafunikwa kwa nailoni au magunia mabichi kama siku 7 ili ikomae bila kukaukia juu juu. Kisha inaachwa ikauke, na kanuni ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita ya unene, hewa ikiwa inapita vizuri. Sentimita 5 ni siku 50. Mama mmoja aliposikia hivyo alinitazama akasema, "Fundi, wewe unajenga bafu au unalea mtoto?" Nikamwambia, "Mama, zipo skridi za kukauka haraka, ni za gharama zaidi, na kipo kizuia maji cha simenti ambacho hakidai ukavu kiasi hicho. Chagua unapotaka kutoa: mfukoni au kwenye kalenda." Alichagua cha simenti, na hakuna alichopoteza. Kwa asiyejua hali ya sakafu yake, kipimo cha bure ni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, unakibandika pande zote kwa utepe na kukiacha hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au simenti imekuwa nyeusi, unyevu bado unapanda.

Hapa pana jambo linalochanganya watu. Vizuia maji vya kupaka viko vya namna nyingi, lakini bafuni nakutana zaidi na viwili. Kimoja ni cha akriliki, kinakuja tayari kwenye ndoo, kizito na cha kunata. Kikikauka kinakuwa ngozi inayovutika. Hicho kinataka sakafu kavu na praima yake, yaani mpako wa kwanza wa kushikiza. Cha pili ni unga wa simenti unaochanganywa na kimiminika chake. Hicho kinataka sakafu iliyoloweshwa, yenye unyevu ila bila maji yanayong'aa juu, kwa sababu simenti kavu chini yake ingekinyang'anya maji kabla hakijashika. Kijana ninayefanya naye kazi aliwahi kuniuliza, "Kaka, kule tulisubiri pakauke hadi watu wakatununia, hapa tena unamwaga maji?" Swali zuri sana. Sakafu ni ile ile, kinachobadilika ni kilichomo kwenye ndoo, na ndiyo maana karatasi ya maelekezo inasomwa kila mara hata kama umeshakitumia mara nyingi. Vya namna hii vinavyopakwa chini ya vigae vina kiwango chao cha Ulaya, EN 14891. Ukiona namba hiyo kwenye ndoo unajua kimetengenezwa kwa kazi hii. Lami, ambayo watu hupenda kuiokoteza kutoka kwenye kazi ya paa au msingi, gundi ya vigae haishiki juu yake. Na ile dawa ya kuchanganya kwenye zege lenyewe siikatai, ila zege likipasuka, dawa nayo imepasuka.

Maji hayapiti katikati ya sakafu. Yanapita kwenye kona, kwenye bomba linalotokeza, na kwenye trapu. Kwa hiyo naanzia huko. Pale sakafu inapokutana na ukuta napaka, nalaza utepe wa kitambaa maalumu juu ya kizuia maji kikiwa bado kibichi, naukandamiza kwa brashi hadi hewa yote itoke, napaka tena juu. Kona za ndani zina vipande vyake vilivyokwisha kutengenezwa. Ukikosa, kunja utepe, usiukate ukaacha tundu kwenye ncha, maana tundu la sindano pale ni lango. Kila bomba linalotoka ukutani linapata kola yake. Trapu inapata kipande cha mraba, kinapita juu ya ukingo ule uliosuguliwa na kushuka kuelekea tundu.

Ukutani, sehemu ya kuogea napandisha hadi mita 2 hivi, juu ya bomba la manyunyu ya kuogea. Kuta nyingine sentimita 15 zinatosha. Mlangoni utando, yaani ile ngozi ya kizuia maji, unapanda juu ya kizingiti.

Sakafu yenyewe ni rahisi: mkono wa kwanza kuelekea upande mmoja, mkono wa pili unaukata wa kwanza kama msalaba. Ikiwa mtengenezaji anatoa rangi mbili, tumia moja kwa mkono wa kwanza na nyingine kwa mkono wa pili, macho yatakuonyesha uliporuka. Lakini ukaguzi ninaouamini ni wa mizani. Ndoo ikisema kilo 3 kwa mita ya mraba kwa mikono yote miwili, na eneo lako pamoja na kuta ni mita 10, basi kilo 30 zinatakiwa ziishe. Zikibaki 10, umepaka rangi ya mapambo. Nimewahi kumwona mwenye nyumba akifurahi kwamba ndoo moja imebaki, akaanza kuniuliza kama dukani wanapokea. Nikaifungua ndoo ile na kupaka tena mbele yake.

Baada ya hapo hakuna anayeingia na viatu. Naweka karatasi ngumu za maboksi kwenye njia. Fundi umeme akija na ngazi ya chuma, namwomba avishe miguu ya ngazi matambara, na akinuna, anune.

Kipimo cha maji ndicho watu wengi hukiruka, na ndicho ambacho nisingekiacha hata kama ningelazimika kuacha vingine vyote. Utando ukishakomaa kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo, naziba trapu kwa kizibo cha kupuliza, au mfuko wa mchanga uliofungwa vizuri ndani ya nailoni. Mlangoni najenga kizuizi kidogo kama hakuna kizingiti. Namwaga maji hadi pale pa juu pafunikwe, kwa kawaida sentimita 2 hadi 5, nikikumbuka kwamba sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba na sakafu nyingine, hasa za mbao, hazitaki utani huo. Nachora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji. Pembeni naweka kopo lenye maji, nalo nalichora ndani. Kopo hilo lina kazi: kesho yake maji ya sakafuni yakiwa yameshuka kidogo na ya kwenye kopo yameshuka sawa nayo, ni hewa imekunywa. Ya sakafuni yakishuka zaidi, kuna mahali yameenda. Saa 24 zisipungue, na mtu ashuke chini na tochi kutazama dari, kuta, na pale mabomba yanapopenyea.

Halafu nafungua kizibo na kusimama kutazama. Yanavyoondoka ni kipimo cha pili: panapobaki dimbwi, mteremko una kasoro, na sasa hivi inarekebishwa kwa mkono mmoja wa skridi ya kurekebishia na utando juu yake. Kesho, chini ya vigae, itakuwa ni kubomoa. Mwenye nyumba nampigia aje aone mwenyewe, na picha zinapigwa. Nikiweza, malipo ya sehemu ya pili nayafunga hapa: vigae vinaanza baada ya maji kulala na kuamka.

Vigae sasa ni kazi ya kawaida yenye masharti machache. Gundi iwe ya unga wa simenti, daraja la C2, yaani ile iliyoboreshwa ishike zaidi. Ile ya kopo iliyo tayari inahitaji hewa ili ikauke, na ikifungiwa kati ya utando na kigae kisichofyonza inaweza kubaki bichi kwa muda mrefu sana. Mwiko wa meno, mistari yote upande mmoja, na mgongo wa kigae upakwe pia, ili pasibaki uwazi. Kila baada ya vigae kadhaa nang'oa kimoja kikiwa kibichi nitazame mgongo wake. Kama gundi haijafunika karibu wote, meno ya mwiko ni madogo. Trapu ya katikati inapenda vigae vidogo vinavyofuata pande nne za mteremko. Kigae cha sentimita 60 hakipindi, lazima kikatwe mshazari kutoka kona za trapu, na si kila mtu anapenda ile mistari. Kona zote za sakafu na ukuta ni silikoni, siyo grauti.

Na kuna wanaokuja baada yako. Fundi wa vioo anafika na drili, anatafuta pa kushikiza mlango wa kuogea, na tundu lake la milimita 8 linapita kigae, gundi na utando bila kujua amepita wapi. Choo nacho kina skrubu zake za sakafuni. Siku hizi namwachia mwenye nyumba picha za mabomba yalipo na namwambia hivi: kioo kibandikwe kwa silikoni au gundi ya kazi hiyo sehemu ya sakafu, skrubu zibaki ukutani juu. Lazima kutoboa sakafu ikija, kina kipimwe kiishie ndani ya kigae na gundi kama unene unaruhusu. Kama hauruhusu, vumbi lipulizwe, tundu lijazwe gundi ya kuzibia hadi ifurike, ndipo skrubu iingie ikiwa bado mbichi, na siku hiyo pasiogwe.